Kutoka Kiwanja cha Kisauni hadi Mlinganyo

Tuseme kiwanja cha mstatili kilichoko Kisauni kina urefu unaozidi upana wake kwa mita 7, na kamba iliyovutwa kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili ina mita 13. Tunatakiwa kupata vipimo vyake.

Kabla ya kugusa hesabu yoyote, chora mstatili, uupitishie kamba hiyo, kisha uandike x kwenye upana na x + 7 kwenye urefu. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa haraka, na kwa maoni yangu hapo ndipo alama nyingi hupotelea. Mchoro utakuonyesha pembetatu yenye pembe mraba, ile ile ambayo fundi wa msingi huihakikisha kwa vipimo vya 3, 4 na 5.

Kwa kanuni ya Pythagoras, yaani miraba ya pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba ikijumlishwa hutoa mraba wa upande mrefu zaidi (hapa kamba), x² + (x + 7)² = 13² = 169. Fungua mabano kwa uangalifu, kwa sababu (x + 7)² ni x² + 14x + 49, wala si x² + 49. Ukikusanya kila kitu upande mmoja na kugawanya kwa 2, utapata x² + 7x − 60 = 0.

Sasa tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa hutoa −60 na zikijumlishwa hutoa 7: ni 12 na −5. Kwa hiyo (x + 12)(x − 5) = 0, na x ni −12 au 5. Upana hauwezi kuwa hasi, basi ni mita 5, na urefu ni mita 12. Hakiki: 25 + 144 = 169.