Pima gari la familia kabla ya kwenda kambi ya porini: hatua kwa hatua

Shemeji yangu alinunua Prado ya diseli, mtumba kutoka Japan. Akafunga keria ya chuma kwenye paa, akaweka hema juu yake, kisha akaniuliza anunue springi gani ngumu ili aweze kwenda Magadi na Shompole, kusini mwa Kenya, na dada yangu na wapwa wangu watatu. Nilimjibu, "Shemeji, springi zingoje. Twende mizani kwanza." Hatua zifuatazo ndizo tulizozipitia, na zinafaa kwa gari lolote la familia linaloacha lami likiwa limejaa.

Hatua ya 1: Tafuta kikomo cha gari lako

Kikomo ni uzito wa kila kitu kwa pamoja: gari, mafuta, watu, mizigo, keria na hiyo bampa ya chuma uliyoongeza. Gari lililotoka Uingereza huwa na kibandiko chenye namba nne: kikomo cha gari zima, kikomo cha gari na trela, ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma. Ukiwa na hizo, nenda hatua ya 2.

Gari la Japan linahitaji uangalifu. Hati iliyokuja nalo bandarini ina uzito wa gari tupu na uzito wa jumla, na wengi hudhani tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mizigo wanayoruhusiwa. Sivyo. Kwa gari la abiria, Japan huchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti, hakuna zaidi. Viti saba ni kilo 385, na mizigo haimo. Kwa hiyo itumie hati hiyo kujua uzito wa gari tupu tu. Kikomo chenyewe kitafute kwenye kitabu cha gari la muundo uleule lililouzwa nje ya Japan. Prado 150 ya diseli iliyouzwa Australia, kwa mfano, imeandikiwa kilo 2,990. Mimi hukata asilimia kumi hapo, kwa sababu springi za mtumba zimechoka na njia zetu hazina huruma.

Angalia tairi pia. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo: 112 maana yake kila tairi hubeba kilo 1,120, na 116 ni kilo 1,250. Zidisha kwa mbili upate dari ya ekseli moja. Dari hiyo haivukwi hata kama kitabu kinasema zaidi.

Hatua ya 2: Orodhesha na upime nyumbani

Kila kitu kiwe na kilo yake kwenye daftari. Mizani ya kuning'iniza kama ya muuza nyama inatosha. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mtungi wa lita 20 wa diseli ni kilo 17 hivi bila chombo. Watoto nao wapimwe.

Hatua ya 3: Peleka gari mizani likiwa limejaa

Hatua hii ndiyo iliyotumalizia asubuhi nzima, na ndiyo nisiyokubali mtu airuke.

Mizani ya serikali barabarani, kama ile ya Mlolongo au Gilgil, ni ya magari makubwa. Wewe tafuta mizani ya kulipia: kwenye machimbo ya mawe, kwa wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu, au kwenye maghala ya Industrial Area, Nairobi. Piga simu kwanza uulize maswali mawili. Watakubali kupima ekseli moja moja? Na jukwaa la mizani liko sawa na ardhi mbele na nyuma?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Mizani ya kwanza tuliyoiendea ilikuwa na jukwaa lililoinuka. Ulipoweka magurudumu ya nyuma juu yake, mbele ya gari ilibaki chini, gari likainama, na namba ya ekseli ikapotoka. Namna ya kuligundua hilo ni rahisi: pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Mbili za kwanza zikijumlishwa lazima zikaribie ya tatu. Sisi tulikosa kilo 140. Tulipima tena na tena, tukashusha mizigo na kuirudisha, mpaka tukaamua kuhamia mizani nyingine. Huko jumla ilikubaliana mara ya kwanza.

Mambo mengine ya kuzingatia ukiwa juu ya jukwaa:

Onyesho lisome sifuri kabla hujapanda. Watu wote wawe ndani, kila mmoja kwenye kiti chake, wala si kusimama kando wakipiga picha. Tangi lijae, mitungi ya maji ijae, hema liwe juu. Zima injini, weka gia huru, achia breki ya mkono kama pako tambarare, kwa sababu breki iliyoshika huzuia springi kutulia. Mhudumu wa mizani asisimame kwenye jukwaa. Na kumbuka mizani ya malori husoma kwa kuruka kilo 10 au 20, hivyo usitarajie ikuonyeshe uzito wa jiko.

Ukiwa na nafasi, pima pia magurudumu ya upande mmoja tu. Maji na betri ya pili vikikaa upande mmoja, gari litalalia huko, na mteremko unaoelekea upande huohuo ndio wa kuogopwa.

Gari la shemeji lilisoma kilo 2,900: mbele 1,240, nyuma 1,660. Jumla ilikuwa chini ya 2,990, naye akafurahi, ingawa ilizidi 2,690 hivi inayobaki nikikata asilimia yangu kumi. Mimi nilitazama ile 1,660. Uzito uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama ule ubao wa watoto uwanjani, ambao huyu akishuka yule hupanda: unashusha nyuma na kuinua mbele. Prado hiyo ina sentimita 279 kati ya ekseli na ekseli. Kilo 100 zikining'inia sentimita 120 nyuma ya ekseli ya nyuma zinaiongezea ekseli hiyo kilo 143, na zinapunguza kilo 43 mbele, yaani kwenye magurudumu yanayogeuza gari na kufanya kazi kubwa ya breki.

Ndiyo maana sikutaka springi kwanza. Springi ngumu huinua mkia, gari likapendeza machoni, lakini beringi, rimu, breki na ekseli vinabaki vilevile. Vipande vya kuinulia springi navipinga kabisa kwa gari lililojaa watoto. Ukishapunguza uzito na gari bado limelala, hapo ndipo uende Kirinyaga Road ukatafute springi, na uzichague kwa namba za mizani.

Hatua ya 4: Punguza

Tulianza na mafuta ya akiba. Nairobi hadi Magadi na kurudi ni kilomita 220 hivi. Hata ukiongeza mizunguko ya Shompole, tangi lililojaa linatosha, na mitungi miwili ya diseli ikabaki nyumbani. Ukienda mbali kaskazini, Loiyangalani au Chalbi, hesabu ni nyingine.

Friji na betri yake ya pili vilifuata. Kwa siku mbili au tatu sioni haja. Pika githeri na nyama isiyo na mifupa nyumbani, gandisha, na gandisha maji kwenye vyombo vigumu. Ndiyo barafu yako, na ikiyeyuka mnakunywa. Chakula kilichoiva tayari kinapunguza gesi pia. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa una kilo 13 hivi ukijumlisha chuma, na unatosha familia. Acha ule mkubwa.

Maji usipunguze kamwe. Lita 5 kwa mtu kwa siku, watu watano, siku tatu, ni 75. Ongeza 20 za akiba. Olorgesailie na Magadi ni jua kali, na watoto hukauka haraka. Beba kwenye mitungi inayofungika vizuri. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo mazoea haya yatakufaa hata Hell's Gate.

Baada ya hapo mizani ilisoma 2,680: mbele 1,260, nyuma 1,420. Gari lilipoteza kilo 220, lakini nyuma ilipoteza 240, na mbele ikarudishiwa 20.

Hatua ya 5: Pakia

Maji chini kabisa, yakigusa mgongo wa kiti. Vyombo na vifaa vya gari vifuate, nguo juu. Kisizidi urefu wa kiti kama hakuna neti ya chuma. Funga kwa mikanda ya kukaza, kwa sababu kamba ya nailoni hulegea kwenye njia ya kokoto. Masanduku mepesi ya plastiki ni bora kuliko ya bati la Kamukunji, ingawa ya bati hudumu.

Juu ya paa soma kikomo kwenye kitabu. Magari mengi ya aina hii hupewa kati ya kilo 75 na 100, na keria yenyewe imo. Baadhi ya watengenezaji wa keria wanataka namba hiyo igawanywe kwa 1.5 njia ikiwa mbovu. Hema likishafungwa, hakuna kingine kinachopanda.

Hatua ya 6: Upepo wa tairi

Lami: fuata kibandiko cha mlangoni kwa gari lililojaa. Kwenye mawe na vumbi mimi hushusha hadi PSI 28 (kipimo cha upepo kwenye geji) na kupunguza mwendo. Mchangani PSI 20, polepole sana, bila kukata kona ghafla. Gari zito lenye upepo mdogo huchemsha tairi, hivyo kompresa na geji ni lazima, na upepo urudishwe mara mkifika lami.

Hatua ya 7: Njiani na mkirudi

Simama kabla ya kuacha lami, kaza mikanda, gusa kila tairi kwa mkono. Mkirudi osha chini ya gari kwa maji mengi, kwa sababu vumbi la magadi hula chuma. Kisha pitia daftari: kisichotumika safari mbili mfululizo kitoke, isipokuwa jeki, spea, sepetu, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza.