Bati la biskuti la mjomba: namna ya kudai siku zako kwenye foleni ya figo

Mjomba wangu huweka majibu yake ya damu kwenye bati la biskuti juu ya friji, hapa Houston. Tulikuwa tukimcheka. Kama wewe au mzazi wako ni mweusi, figo zimechoka na mnasubiri kupandikizwa huku Marekani, anzeni kwa kutafuta bati lenu: huenda mna siku za foleni mlizonyimwa kwa sababu ya hesabu ya rangi. Mimi kazi yangu ni mashine za kusafishia damu, na bado nilichelewa kuliona jambo hili.

Tafuta karatasi za zamani, za kabla ya 2022. Nenda palipoandikwa eGFR, yaani kipimo cha jinsi figo zinavyochuja. Maabara nyingi ziliandika mistari miwili: "African American" na "Non-African American". Damu moja, sindano moja, majibu mawili! Karatasi ya mjomba ya Machi 2018 ilikuwa na 22 kwenye mstari wa weusi na 19 kwenye ule mwingine. Daktari akafuata 22.

Tofauti hiyo haikutoka kwenye damu. Maabara hupima kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja kwenye damu, kisha eGFR hukokotolewa kwa kanuni inayotazama umri na jinsia. Kanuni ya 2009 ilitazama na rangi: ukiwa mweusi, jibu linazidishwa kwa 1.159. Katika tafiti za waliotunga kanuni hiyo, weusi wa Marekani walionekana na kreatinini ya juu kwa wastani, na maelezo yaliyozoeleka yakawa kwamba tuna misuli mingi. Mjomba ana kilo 58. Nilipomweleza alikunja mkono wa shati akaniuliza, "Misuli ipi, mwanangu?" Watafiti waliopima watu wa Kinshasa na Abidjan walikuta kanuni inafanya vizuri zaidi bila kuzidisha huko.

Sasa kwa nini tofauti ya namba tatu tu ina uzito: mtu mzima huruhusiwa kuanza kuhesabiwa siku za foleni eGFR ikishuka hadi 20 au chini yake, au akianza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, lolote litakalotangulia. Kwa 19 umeingia. Kwa 22 unaambiwa bado. Mjomba alianza kuhesabiwa Agosti 2020, siku alipokalishwa kwenye kiti cha mashine.

Kama karatasi yako ina mstari mmoja tu na ulihesabiwa kama mweusi, gawa namba kwa 1.159. Ukiwa na 23 utapata 19.8. Hiyo ni hesabu ya jikoni, ya kukuonyesha kama pana kitu. Hospitali itakokotoa yenyewe kutoka kwenye kreatinini, kwa hiyo ukurasa wenye kreatinini na tarehe ndio mali. Huna karatasi? Pita kila kliniki uliyowahi kutibiwa, uombe nakala ya majibu yako. Ni haki yako kisheria.

Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Mwaka 2022 mtandao wa kitaifa wa upandikizaji ulipiga marufuku hesabu ya rangi, na Januari 2023 hospitali zikapewa mwaka mmoja kupitia wagonjwa wote weusi walio kwenye foleni na kuwarudishia siku zao. Barua zilitumwa. Ya mjomba niliikuta chini ya bili ya umeme, hajaifungua, akidhani anadaiwa. Ilisema hawakuona ushahidi wa kubadili tarehe yake. Na kweli hawakuona, maana walitazama kompyuta yao wenyewe, na karatasi ya 2018 ilitoka kliniki ndogo upande wa pili wa mji. Ukipata barua ya namna hiyo usiikubali kabla hujamaliza bati.

Mpigie mratibu wa upandikizaji, si mapokezi. Sema unaomba tarehe yako ya foleni irekebishwe kwa sababu ya eGFR iliyohesabiwa kwa rangi, kisha peleka nakala, asili ibaki nyumbani. Omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika. Usimpe mtoto wa darasa la sita kazi hiyo. Ukiwa umekonda sana, ulizia pia kipimo cha sistatini C, kipimo kingine cha damu cha kukadiria kazi ya figo, ambacho hakiyumbishwi sana na misuli.

(Miongoni mwa waliopigia kelele kanuni ile ni Vanessa Grubbs, daktari mweusi wa California. Alimpa mpenzi wake figo, kisha akasomea figo. Huyo huwezi kumwambia hajui foleni.)

Kuna kisanduku kimoja cha fomu kitakachokuchekesha. Ili urudishiwe siku lazima uwe umesajiliwa kama mweusi. Mjomba alikuwa amekiacha wazi: "Mimi ni mtu wa Pangani." Tulibishana hadi chai ikapoa. Nikamwambia, mjomba, walipokuzidisha hawakukuuliza Pangani. Akatia alama.

Dai tarehe mpya kwa maandishi. Yake ilikuja baada ya wiki sita, ikarudi nyuma miaka miwili na miezi mitano. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akalishusha bati.