Somo: Kilo Saba Kutoka Mombasa Hadi Ng'ambo

Nenda Uwanja wa Ndege wa Moi wakati wanafunzi wanaondoka, utakuta masanduku yamefunguliwa sakafuni, mama mtu anachomoa chupa za achari, mjomba kashika sufuria, na msafiri mwenyewe jasho linamtiririka. Somo hili ni la kuepuka purukushani hiyo. Nimelenga anayekwenda wiki mbili hadi mwezi. Anayehamia moja kwa moja ana hesabu nyingine, ingawa hatua za mwanzo zitamfaa naye.

Hatua ya 1: Soma tiketi kabla hujagusa begi

Wengi huanzia dukani, kisha begi likifika kaunta linakataliwa. Anza na tiketi. Ethiopian na Qatar Airways huruhusu kilo 7 za mkononi kwa daraja la kawaida, Turkish Airlines kilo 8. Vipimo navyo vinatofautiana: Qatar wanataka sentimita 50 kwa 37 kwa 25, Turkish 55 kwa 40 kwa 23. Ukiwa unabadilisha ndege za mashirika mawili, fuata lile lililo kali zaidi. Tena angalia kama nauli yako ina mzigo wa chini, yaani ule unaokabidhi kaunta, maana baadhi ya tiketi za rahisi hazina hata kilo moja.

Hatua ya 2: Begi lipimwe likiwa tupu

Hapa ndipo kilo zinapoibiwa mchana kweupe. Sanduku gumu la magurudumu, hata lile dogo, laweza kufika kilo 3. Katika kilo 7 umebaki na 4 kabla hujatia soksi. Begi la mgongoni la kitambaa huwa kilo moja hadi moja na nusu. Kwa safari fupi mimi nachagua la mgongoni bila kufikiri mara mbili. Magurudumu ni raha kwenye vigae vya uwanjani tu. Jaribu kuyaburura vichochoro vya Mji wa Kale au kwenye mteremko wa feri ya Likoni uone. Miji mingi ya zamani ya Ulaya nayo imetandazwa mawe.

Ukinunua la mtumba soko la Kongowea, usidanganywe na jina lililoshonwa mbele. Ligeuze ndani nje. Mabegi mengi yana utando wa kuzuia maji upande wa ndani, na unyevu wa pwani yetu huuoza: ukipapasa unanata vidoleni, au unabanduka vipande vyeupe. Liache, hata kama ni la shilingi mia mbili, litakuchafulia nguo zote. Kisha shika kamba ya bega pale inapounganishwa na mgongo wa begi, uivute kwa nguvu. Uzi ukifunguka hapo, fundi atashona lakini halitadumu. Zipu iendeshe mpaka kwenye kona na urudi nayo, kwani kona ndiko inakokwama.

Hatua ya 3: Nguo, na leso

Tandaza kila kitu kitandani. Fulana nne, suruali au sketi mbili, nguo ya heshima moja, za ndani za siku tano, basi. Utafua. Jinzi ni nzito na haikauki upesi, kwa hiyo kama lazima iende, ivae. Viatu ni jozi mbili: raba mguuni, patipati begini.

Baridi ndiyo hututia hofu tukabeba makoti matatu. Koti moja zuri na vitu vyepesi vya kuvaliana ndani yake vinatosha, na koti huvaliwa au hushikwa mkononi kwenye kaunta. Sweta za sufu na nguo za ndani za baridi zimejaa Kongowea, kwa sababu huku hakuna wa kuzigombania.

Sasa leso. Kama kuna kitu kimoja cha kwetu ambacho kila msafiri angepaswa kubeba, awe mwanamume au mwanamke, ni doti ya leso, yaani khanga mbili zilizoungana. Ikate. Kipande kimoja taulo, kingine shuka. Kwenye chumba cha kulala watu wengi ni pazia la kitanda, kwenye ndege ni shali, na wakati wa sala ni mkeka. Taulo la kawaida lingekula nusu kilo na lisikauke hadi kesho yake. Ila usibebe leso mpya kutoka Mtaa wa Biashara moja kwa moja: ina wanga, haifyonzi maji, na rangi yake itahamia kwenye fulana yako nyeupe. Ifue mara tatu nne kwanza, peke yake.

Hatua ya 4: Vitu vya majimaji

Kwenye begi la mkononi kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie katika mfuko mmoja wa kuona ndani wa lita moja. Sheria hii ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kufichua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Kuna viwanja vilivyoanza kuilegeza, lakini wewe utapita viwili vitatu, kwa hiyo funga kana kwamba vyote ni vikali. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa. Chupa ya 200 yenye mafuta kidogo chini inatupwa vilevile. Mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi bado ni majimaji machoni pa askari, na halua na achari usijaribu kuzitetea. Zikienda, ziende chini.

Hatua ya 5: Umeme

Pawa benki haiwekwi kwenye mzigo wa chini hata siku moja, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule hakuna wa kuizima. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ile ya 20,000 mAh ni kama 74, iko salama. Wakikuchukulia begi mlangoni mwa ndege kwa kukosa nafasi, itoe kwanza. Plagi yetu ya miguu mitatu inaingia Uingereza. Ulaya bara wana pini mbili za duara.

Hatua ya 6: Mizigo ya watu

Habari ikienea mtaani kwamba unasafiri, siku mbili kabla wanaanza kubisha hodi. "Mwanangu, kijifuko tu hiki umpelekee ndugu yako." Kijifuko kina kilo mbili. Kukataa mtu mzima ni kazi, ndiyo maana mimi nasema mapema, kabla hawajafunga: shirika limenipa kilo kadhaa, zimekwisha. Aliyetangulia, na nafasi ikiwepo, sawa, lakini kila kitu kifunguliwe mbele yako na ukifunge wewe. Kilichoshonwa tayari kinabaki Mombasa, hata kama ni cha shangazi. Kwenye kaunta utaulizwa nani alifunga begi lako, na jibu ni lako peke yako. Na miraa usikubali kwa jina lolote. Kwetu ni halali, lakini Uingereza ni haramu tangu Juni 2014, na Marekani pia inakamatisha.

Mwisho, pima nyumbani. Panda mizani bila begi, kisha ukiwa nalo, toa. Acha gramu mia tano za akiba, kwani mizani za kaunta hazisomi sawa na yako.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kisauni: Binti yangu yuko Ujerumani. Kakake anamwendea, nataka kumpelekea maembe, nyama ya kukausha na samaki. Atapita?*

Mama, nyama hapana, na maziwa hapana. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuviingiza, hata viwe vimekaushwa. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa maembe sita hakina maana. Samaki ndio wenye nafuu: ng'onda aliyekauka vizuri anaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani. Mfungie karatasi tabaka tatu na uweke kwenye mzigo wa chini, jirani yake wa kiti asije akakulaani. Kashata za njugu hazina taabu.

*Mwanachama wa Majengo: Nakwenda Umra na mzee wangu. Ihramu tuweke wapi?*

Mkononi, ndugu yangu, kama hamkuzivaa kabisa kabla ya kupanda. Ndege ya Jeddah hupita mikati, mpaka ambao hapiti mwenye Umra bila ihramu, ikiwa angani, na sanduku liko chini huwezi kulifikia. Mzee mvalishe mapema, choo cha ndege ni finyu. Sabuni isiyo na harufu iwe katika ule mfuko wa lita moja. Mkasi wa kupunguzia nywele uende chini, au mtanyolewa kwa kinyozi huko huko Makka.

*Dada wa Changamwe: Natumia dawa za presha, na daktari alinipa za maumivu. Napita Dubai.*

Dada, dawa zote mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Lakini hizo za maumivu soma jina. Zikiwa na kodeini au tramadol, Imarati inazihesabu miongoni mwa dawa za kudhibitiwa, na kibali huombwa mapema kwa mamlaka yao. Muulize daktari akubadilishie kabla ya safari. Ni rahisi kuliko kibali.

*Mwanachama wa Bamburi: Nashuka Nairobi kwa treni ya SGR halafu napanda ndege usiku huo huo. Kuna la kuzingatia?*

Kule Miritini mabegi hupangwa chini kwa mstari mbwa wanuse, kisha yanapita mashine, kwa hiyo fika saa moja na zaidi kabla. Treni inaishia Syokimau, si mbali na uwanja, lakini jioni Barabara ya Mombasa huziba. Chukua treni ya asubuhi, kaka. Ile ya mchana ikichelewa kidogo tu, tiketi ya ndege imekwenda.