Maneno ya Q, X na Z yaliyojificha kwenye karatasi zako ughaibuni

Abjadi ya Kiswahili haina Q wala X. Wengi wetu X tuliizoea kwenye hesabu, na Q tukaijua kwa maneno mawili matatu ya darasani. Ukifungua kamusi ya Kiingereza, kurasa za X ni chache mno, za Z si nyingi, na za Q humalizika upesi. Ndiyo maana mtu anayejifunza Kiingereza ukubwani huziruka. Mimi nasema asiziruke, kwa sababu maneno hayo machache yamekaa mahali penye uzito: mkataba wa nyumba, barua ya kazi, fomu ya kodi, karatasi ya kura. Usiyakariri kwa mpangilio wa kamusi. Yafuate kwenye karatasi zako mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Anza na mkataba wa nyumba. Humo utakuta "quiet enjoyment", na wapangaji wengi hudhani ni katazo la kupiga kelele. Sivyo kabisa. Hiyo ni haki yako wewe mpangaji ya kukaa ndani ya nyumba uliyopanga bila kubughudhiwa na mwenye nyumba. Asiingie ovyo bila taarifa, asikukatie maji wala umeme ili uhame, asibadilishe kufuli ukiwa kazini. Uingereza na Marekani, kwa kawaida sheria huihesabu haki hiyo kuwa sehemu ya mkataba hata pale ambapo haikuandikwa. Ukiandika barua ya malalamiko, yaweke maneno hayo mawili kama yalivyo; anayeisoma atajua mara moja kwamba unaijua haki yako. Kanuni za kelele zina jina lao, "quiet hours", yaani saa za utulivu, nazo hutajwa pamoja na muda wa kuanza na kuisha.

Karatasi nyingine ya nyumba ni "notice to quit", taarifa ya kukutaka uondoke. Kichwa chake kinatisha, na nawaomba ndugu zangu wasifungashe mizigo usiku huohuo. Nchini Uingereza, na kwa kawaida katika majimbo ya Marekani pia, karatasi hiyo peke yake haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kukutoa kwa nguvu. Lazima apate amri ya mahakama. Kinga hiyo ni ndogo kwa anayeishi nyumba moja na mwenye nyumba, hasa Uingereza. Soma tarehe zilizotajwa, tunza bahasha, kisha nenda kwa shirika la msaada wa sheria kabla muda haujaisha. Usiipuuze, lakini pia usiikimbie.

Ukihitaji fundi au watu wa kuhamisha mizigo, utaambiwa "quote" au "estimate". Tofauti yake ni pesa. Nchini Uingereza "quote", au kwa kirefu "quotation", ni bei aliyoahidi, na ukiikubali anafungwa nayo maadamu kazi haijabadilika. "Estimate" ni makadirio tu, bei yaweza kupanda. Omba ya kwanza, tena kwa maandishi. Kwenye bima ni tofauti kidogo: "quote" hupewa kulingana na majibu uliyotoa, kwa hiyo ukijibu isivyo sahihi hata bei nzuri itakugeuka siku ya kudai fidia.

Tuje kazini, ambako kuna neno fupi lenye madhara makubwa: "quit", kuacha kazi kwa hiari. Marekani fidia ya kukosa kazi hutolewa na majimbo, na kwa kawaida anayeacha mwenyewe bila sababu inayokubalika kisheria hapewi. Aliyepunguzwa kazini ana nafasi nzuri zaidi. Basi mtu akikuuliza "Did you quit?" usiitikie kwa heshima tu. Kama kazi ilikwisha, au zamu zilifutwa na mwajiri, sema hivyo. Jibu la neno moja likishaingia kwenye faili, kulirekebisha ni kazi ngumu.

Hapohapo kuna maneno matatu yanayofanana kwa macho: "quit", "quiet" na "quite". La tatu linahitaji sikio. Bosi Mwingereza akisema kazi yako ni "quite good", mara nyingi anamaanisha ni nzuri kiasi, pana nafasi ya kuboresha. Mmarekani akisema vivyo hivyo, kwa kawaida anakusifu kweli. Kwa Mwingereza, uliza ungeongeza nini, hatashangaa.

"Qualification" unaijua tayari, ni sifa au cheti. Tatizo huja pale tangazo linapodai "equivalent qualification", yaani cheti kilicho sawa na cha kwao. Uingereza kituo kinacholinganisha vyeti vya nje kinaitwa UK ENIC. Marekani waajiri na vyuo vingi hukubali tathmini za mashirika yaliyo wanachama wa NACES, umoja wa mashirika ya kutathmini vyeti. Fanya ulinganisho huo mapema, kabla ya kutuma maombi. Walimu wanaokwenda England watakutana pia na QTS, hadhi ya mwalimu aliyethibitishwa. Digrii ya ualimu na QTS ni vitu viwili tofauti.

Z nayo ina karatasi yake ya ajira: "zero-hours contract" ya Uingereza. Mwajiri hakuahidi hata saa moja ya kazi. Wengi wetu huingia kupitia mikataba hii, hasa kwenye huduma za wazee na maghala, na baadhi huamini kwamba hawana haki yoyote. Unazo. Kima cha chini cha mshahara kinakuhusu, na likizo yenye malipo hulimbikizwa kadiri unavyofanya kazi. Tangu 2015 kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwa mwajiri mwingine hakina nguvu katika mikataba hiyo. Angalia tu masharti ya viza yako kabla ya kuchukua kazi ya pili.

Neno ninalotaka ulikalie zaidi ni "quarter". Dukani Marekani ni sarafu ya senti 25, kwenye saa ni robo, lakini kwenye kodi na pensheni linaamua mambo ya miaka mingi. Anayejiajiri Marekani, kwa mfano dereva wa teksi za mtandaoni, hatakiwi kungoja mwisho wa mwaka. Analipa kodi ya makadirio kwa awamu nne. Huitwa "quarterly", lakini hazijagawanyika kwa miezi mitatu mitatu: ni 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari ya mwaka unaofuata, na husogezwa mbele kidogo zikiangukia wikendi au sikukuu. Kati ya awamu ya kwanza na ya pili kuna miezi miwili tu, na hapo ndipo wengi hukamatwa na adhabu. Ziandike zote nne kwenye kalenda ya simu leo.

Kwenye pensheni ya Marekani, watu husema "forty quarters". Ni alama 40 za kazi, na kwa mwaka mmoja hupati zaidi ya nne, kwa hiyo ni kama miaka kumi. Usipozifikisha, kwa kawaida hupati pensheni ya uzeeni kwa kazi yako mwenyewe. Hesabu hiyohiyo ipo kwenye fomu ya I-864, ambayo ndugu au mwenzi hutia saini kukudhamini upate kadi ya ukaazi: wajibu wake waweza kuisha ukishahesabiwa "qualifying quarters" 40, au ukiwa raia. Ndoa ikivunjika, wajibu huo hauvunjiki nayo. Kabla ya kumtilia mtu saini, lisome neno hilo mara mbili.

Uingereza hesabu ni ya "qualifying years", miaka iliyolipiwa mchango wa National Insurance. Kwa pensheni mpya ya serikali unahitaji angalau miaka 10 ili upate chochote, na aliyeanza kuchangia baada ya Aprili 2016 anahitaji 35 ili apate kiasi kamili. Rekodi yako unaweza kuiona mtandaoni kwenye tovuti ya serikali.

Neno "qualifying", yaani kutimiza masharti, limo pia kwenye kura. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kuwa "qualifying Commonwealth citizen" na kujiandikisha kupiga kura, hata uchaguzi wa Bunge. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo. Kwenye karatasi ya kura ya Bunge, X ndiyo alama ya kumchagua mtu, ingawa darasani ilikuwa alama ya kukosa. Fomu nyingi nazo hutaka X kwenye kisanduku.

X ikianza neno hutamkwa kama Z: "xenophobia", chuki dhidi ya wageni, ni zenofobia. "X-ray" haifuati kanuni hiyo, ni eks-rei. Neno hilo utalikuta mapema, maana waombaji viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi sita kutoka nchi zetu hupimwa kifua kikuu kwa picha hiyo. Mjamzito aseme mapema, kuna njia nyingine ya kupimwa. Na mfanyakazi mwenzako Mwingereza akimaliza ujumbe wa simu kwa x ndogo, ni busu la salamu tu, hakutongozi.

Q haikupi shida mdomoni. Anayetamka "kweli" na "kwisha" tayari anatamka mwanzo wa "question" na "quick". Isipokuwa maneno machache kama "queue", foleni, ambayo ni kyuu. Z ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa majina yetu yamejaa Z: Zainabu, Aziza, Hamza. Mwingereza huiita zed, Mmarekani huiita zii, na kwenye simu zii husikika kama C. Tumia maneno yanayotumiwa na marubani: Z ni "Zulu", Q ni "Quebec", X ni "X-ray". Ukishataja jina, mwombe anayeandika akusomee tena herufi moja moja, na uhakikishe zinalingana na pasipoti kabla hujakata simu.