Mbwa kala sumu ya panya? Hivi ndo unajua kama damu yake imeharibika

Kwanza tafuta pakiti ya hiyo sumu hata kama ishatupwa jalalani, maana sio kila sumu ya panya inaharibu damu. Ukikuta brodifakumu au bromadioloni, ndo yenyewe. Ile isiyo na lebo inayouzwa mitaani inaweza kuwa kitu kingine kabisa, mbwa anatoka udenda na degedege ndani ya masaa, hapo kimbia kwa daktari usisubiri kipimo.

Kama kala sasa hivi pia mpeleke, atatapishwa. Shida ni ukichelewa kujua, sababu siku mbili za mwanzo mbwa anakula, anabweka, anakimbiza paka kama kawaida. Sumu inauzuia mwili kuitumia tena vitamini K, kwahiyo ini halitengenezi vigandisha damu vipya, vya zamani vinaisha taratibu, alafu siku ya 3 mpaka ya 5 ndo unashangaa kalala tu anahema. Na usisubiri uone damu, mara nyingi inavujia ndani, kifuani au tumboni. Funua mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe hali ni mbaya. Kinyesi nacho kichekiwe, rangi ya chambo (kijani, bluu, pinki) inaweza kuonekana.

Kliniki omba kipimo cha PT, yani muda damu inaochukua kuganda. Kigandisha namba 7 ndo kinawahi kuisha, kwahiyo PT inarefuka kabla ya vipimo vingine, ila ukipima siku ileile aliyokula utaambiwa yuko fresh, pima masaa 48 mpaka 72 baadae. Damu itolewe mguuni, sio shingoni, na pabanwe dakika tano kweli kweli. Chupa ya kifuniko cha bluu ijae mpaka kwenye mstari, ikipungua majibu yanadanganya.

Sasa huku kwetu kuna kupe, na erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe, nayo inatoa damu puani, watu wanachanganya sana. Ya kupe inashusha chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda), unaona vidoti vyekundu tumboni na kwenye fizi, PT kwa kawaida iko sawa. Ya sumu ni damu kuvilia sehemu kubwa, viungo kuvimba, PT ndefu. Pima vyote viwili, PT na chembe sahani.

Ikithibitika, dawa ni vitamini K1, ukipewa K3 kataa, haisaidii hapa. Ni wiki 3 mpaka 4, alafu PT inarudiwa masaa 48 baada ya dozi ya mwisho, ikiwa bado ndefu anaendelea na dawa.