Jinsi ya Kuzuia Kamshafti Isivunjike Katika Injini ya Dizeli Iliyoongezewa Nguvu

Kamshafti, yaani shafti inayofungua vali za injini, ikivunjika, chunguza kwanza mahali ilipokatikia. Uso ulio na chembechembe kote huonyesha kwamba imekatika ghafla, ama kwa kukwama kwenye beringi, ama kwa vali kugongana na pistoni. Kwenye kamshafti ya feleji, uso ulio laini upande mmoja, wenye mistari iliyopinda kama alama ambazo maji huacha mchangani yanapokupwa, ni ishara ya ufa uliokua polepole. Ukifunga kamshafti mpya kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo lililotokea, utakuwa umenunua hasara ya pili.

Katika injini ambazo kamshafti hukaa juu ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, mimi hushuku kwanza hedi iliyopinda kwa joto. Lori lililoongezewa kiasi cha dizeli na nguvu za turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) likipanda kutoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kuelekea Mazeras na kontena mgongoni, kisha likachemsha, hedi hupelekwa kusagwa upande wa chini. Upande huo hurudi ukiwa umenyooka, lakini mstari wa beringi za kamshafti ulio juu hubaki umepinda vilevile. Kamshafti hulazimika kufuata mpindo huo kila inapozunguka, na kwa kuwa huzunguka nusu ya mizunguko ya kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, injini inayokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika huikunja mara 90,000 kwa saa moja. Kwa hiyo, kabla ya kufunga vali na roka (mikono inayosukuma vali), ipake oili kamshafti, ilaze mahali pake, kaza kofia za beringi zinazoibana kwa kipimo, kisha izungushe kwa vidole. Ikiwa inakuwa nzito unapokaza kofia fulani, usiilazimishe. Hedi inyooshwe na mstari wa beringi uchongwe upya, au itafutwe hedi nyingine.

Kamshafti nyingine huvunjikia mikononi mwa fundi. Kwa kuwa springi za vali huisukuma juu, bolti za kofia za beringi zikifunguliwa moja moja kutoka mwisho mmoja, upande huo huinuka huku mwingine ukiwa bado umebanwa, na kamshafti ya chuma cha kusubu (kilichomiminwa kalibuni) haivumilii mkunjo wa namna hiyo. Bolti zote zilegezwe na kukazwa kidogo kidogo, kwa awamu kadhaa, kwa mpangilio wa kitabu cha injini hiyo, na kila kofia irudi mahali pake, mshale ukielekea ulikokuwa. Silikoni ya kuzibia viungo ipakwe kwa uchache, kwani inayozidi humeguka na kuziba njia ya oili.

Anayeongeza nguvu za turbo huhitaji springi ngumu zaidi ili vali zisifunguliwe na shinikizo la hewa, ila achague zinazotosha tu, maana ugumu wa ziada huibebesha kamshafti mzigo wa bure. Dereva naye aelezwe kwamba kwenye mteremko wa kurudi Miritini, akiingiza gia ndogo mno, magurudumu ndiyo yanayoiendesha injini. Hapo hata kompyuta ikikata dizeli mizunguko huendelea kupanda, hadi vali zichelewe kufunga na pistoni izifikie.

Hewa ya chumvi ya Mombasa nayo ina sehemu yake, kwa sababu kishimo cha kutu kwenye kamshafti iliyokaa rafuni kinaweza kuwa mwanzo wa ufa. Kama huna vifaa vya kupimia nyufa, iloweke katika mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki: penye ufa mkubwa, mafuta yatachomoza na kuchora mstari mweusi.

Ukimaliza kufunga, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi, kisha ipige injini stata bila kuruhusu dizeli hadi shinikizo la oili lionekane. Nafasi za tapeti, yaani uwazi mdogo unaoachwa kati ya vali na kinachoisukuma, zipimwe tena baada ya gari kufanya kazi siku chache.