Jinsi ya kuielewa teknolojia ya kale ya China bila kukariri listi

Wengi wanaanza na ile listi ya vitu vinne walivyovumbua Wachina, karatasi, uchapaji, dira na baruti, wanakariri halafu basi. Mi nakushauri chukua kitu kimoja ukikodolee macho mpaka kikuingie, na cha kuanzia ni Dujiangyan, mfumo wa umwagiliaji kule mkoa wa Sichuan, China, uliojengwa kama mwaka 256 KK chini ya gavana Li Bing na mpaka leo unapeleka maji mashambani.

Tafuta picha yake ya kutoka juu. Utaona mto Min unafika kwenye ncha ya tuta, wenyewe wanaiita mdomo wa samaki, unagawanyika, tawi la ndani jembamba lenye kina, la nje pana lakini halina kina. Maji yakipungua sehemu kubwa, kama asilimia 60, inashika tawi la ndani kwenda mashambani, mafuriko yakija hesabu inageuka na mengi yanapitia nje, na enzi hizo hakukuwa na geti la kufungua wala kufunga, ni umbo la mto tu. Tuta lenyewe lilikuwa makapu marefu ya mianzi yaliyojazwa mawe. Na kila mwaka watu walirudi kuzoa mchanga, kanuni yao: chimba chini sana, tuta usilipandishe.

Sasa ndo ufungue kitabu cha Laozi, mwanafalsafa wa kale wa China, pale anaposema maji yananufaisha vyote bila kushindana. Ila tafadhali usikimbilie kusema Li Bing alikuwa mfuasi wake, hilo halina ushahidi, wewe angalia tu mawazo yanavyofanana.

Ukitoka hapo nenda kwenye kitabu cha Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa kale wa China. Humo kuna mzee anamwagilia bustani kwa mtungi, anaelekezwa mti wa kuchotea maji kisimani, ule wenye uzito nyuma, anakataa, anasema ukizoea mashine moyo nao unakuwa wa mashine. Usiishie hapo ukadhani Wachina waliogopa zana, maana humo humo yumo mchinjaji Ding, kisu chake kina miaka 19 na bado kikali kwa sababu anakipitisha kwenye nafasi za viungo, hagongi mfupa.

Baada ya hapo ndo urudi kwenye listi, na kila kitu anza na jina lake. Baruti kwa Kichina ni huoyao, yaani dawa ya moto, kwa sababu ilitoka mikononi mwa watu waliokuwa wanachanganya madini wakitafuta dawa ya kutokufa.